Barazani kwa Bi Mkubwa: Mume kahamishiwa Konde, nami sijawahi kukaa shamba

Haya jamani, mwezi huu barua zimekuwa nyingi na kama kawaida siwezi kuzijibu zote. Nimechagua tatu, hii ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana imenigusa, hizo mbili nyengine za haraka haraka.

SWALI

Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 4, naishi Mwanakwerekwe na nimezaliwa hapa hapa mjini Unguja, shamba huenda sikukuu tu tena narudi siku ile ile. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, kaletewa barua ya uhamisho anapelekwa Konde, Pemba, na badala ya kuhuzunika yeye anafurahi, babu yake mzaa mama ni mtu wa huko. Mimi nauza madera na mashungi kwa simu, napiga picha naweka stetasi, mteja anakuja kuchukua au namtumia kwa bodaboda. Nilikwenda Konde mara moja kwenye harusi, saa tatu usiku nje hamna mtu, kimya mpaka unasikia masikio yako mwenyewe. Nitafanya nini mie kutwa? Biashara si itakufa? Na huyu mdogo ana pumu. Shoga zangu wananambia nimwache aende peke yake awe anakuja mwisho wa mwezi. Nasikia na wewe ulitoka mjini ukaenda kuishi huko, nipe ushauri.
— Mama Wawili, Mwanakwerekwe

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Umesikia kweli, mimi mtoto wa Kikwajuni, nimeolewa Konde mwaka 2006 na nilikuja na neno lako hilo hilo, kimya, ndilo nililolia nalo njia nzima kutoka bandarini Mkoani mpaka nafika nyumbani kwa watu. Mama mkwe akadhani naumwa.

Sasa asubuhi yake ya kwanza hata alfajiri haijaingia, jogoo wa jirani yuko chini ya dirisha langu, anamaliza yeye inaingia adhana, tena misikiti mitatu na hakuna hata mmoja unaomsubiri mwenziwe, halafu gari ya kwanza ya Chake ishapasha moto iko njiani inapiga honi, na ile honi si ya ovyo, inamwita mtu maalumu ambaye konda anajua leo anakwenda spitali. Hapo mtu anakuna nazi, mwengine anatwanga, na ng'ombe wa watu wanapitishwa kwenda machungani. Kimya kipo, sikatai, kipo baada ya Adhuhuri mpaka watu wakatoke kusali Alasiri, jua kali na kila mtu kajinyoosha, na kipo baada ya Isha. Wewe ulifika ile saa yake tu.

Lakini hilo si la kukutisha wala la kukupa moyo. La kukwambia ni jengine. Unaogopa utakuwa peke yako, mimi nakwambia utafika pahala utatamani uwe peke yako hata nusu saa na hutopata. Sensa ya 2022 imetuhesabu Pemba nzima watu 543,441 na wallahi kuna siku naona kama wote wananijua mimi. Wiki yangu ya pili nilipata homa, sikumwambia mtu, nikalala tu sikufungua dirisha. Saa mbili asubuhi wameshanigongea wanawake wawili na bakuli la uji, siwajui hata majina, wameona dirisha halijafunguliwa basi. Adhuhuri simu kutoka Unguja, mamangu, "nasikia unaumwa." Nani kampigia mpaka leo sijui. Na kitanda changu cha mvule nilichonunua baadae, kile kitanda kabla hakijateremshwa kwenye gari ya ng'ombe bei yake ilikuwa ishafika Tumbe, tena imeongezwa na kidogo.

Kwa mtu wa mjini hii inachosha, mimi ilinichosha miaka miwili mitatu ya mwanzo na sikufichi. Ukinunua nyama kilo mbili utaulizwa una mgeni gani. Ukitoka umevaa buibui jipya, unakwenda wapi. Na wao hawaoni kama wanakupekua, ni salamu yao hiyo, wewe jibu kwa ufupi na uulize na wewe, "na nyinyi mwatoka wapi?", ukinyamaza ndio watatafuta jibu wenyewe na watalipata kubwa kuliko ukweli.

Mukifika tu, mume wako aende kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, kujitambulisha, asingoje wiki, hiyo ya kiserikali. Ya pili si ya kiserikali lakini ni kubwa zaidi, na hii uisome vizuri. Misiba. Harusi ukikosa utatumiwa sahani ya pilau na maneno mawili ya utani yamekwisha. Msiba si hivyo. Kipaza sauti cha msikiti kitatangaza fulani bin fulani kafariki, anazikwa saa kadhaa, na utaona madirisha ya maduka yanateremshwa, wanaume wanabeba majembe, wanawake wanajitanda kanga wanatoka kila mmoja na chochote, mchele, sukari, kuni, ndoo ya maji. Hakuna anayeitwa. Mwezi wangu wa kwanza alikufa mzee mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, mimi simjui, nikasema mimi mgeni nitakwenda kufanya nini, nikakaa ndani naangalia tamthilia. Mwanangu, hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeninunia. Salamu naitikiwa vizuri tu. Ila wiki mbili nzima hakuna mtu aliyepiga hodi mlangoni kwangu, hakuna aliyekuja kuomba chumvi, hakuna mtoto aliyetumwa kwangu, hata yule jogoo nilimuona kama kahama dirisha. Hicho ndicho kimya cha Konde cha kuogopa wewe, ile saa tatu usiku uliyoiona si kitu.

Bibi mmoja mtu mzima alinionea huruma, akanambia siku ya hitima nenda, usikae mbele na wageni, nenda nyuma kwenye masufuria. Nikenda. Nimekosha vyungu mpaka kucha zimekuwa nyeusi, hakuna aliyesema ahsante wala hakuna aliyeonyesha kushangaa. Kesho yake mapema kaja kitoto, "mama anasema muazime ungo." Nilimpa ungo nikaingia ndani nikalia.

Kwa hiyo ungo uwe nao, na usiwe mzuri sana mana hautokaa nyumbani.

Haya tuje kwenye maisha. Umeme upo. Nilipokuja mimi Pemba tulikuwa kwa majenereta ya dizeli ya pale Wesha, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika 2010, tangu hapo friji inagandisha. Unanunua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa simu kama huko. Unakatika, ndio, mvua ikipiga hasa, lakini musituone washamba, nyinyi Unguja mulikaa gizani miezi mitatu tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 na mamangu akinipigia simu kunilalamikia mie huku feni inazunguka. Maji weka tangi, usiulize kwa nini, weka tu. Intaneti inakamata vizuri mjini pale, ukielekea Makangale kwenye msitu wa Ngezi ndio simu inakuwa saa ya mkononi.

Chakula utafurahi. Tumbe si mbali na ndio soko la samaki la upande wetu, ukijua siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na siku za maji mafu, yanapotulia, utajua siku ya kununua na siku ya kuacha, wavuvi wenyewe watakufundisha bila ya kuwauliza. Dagaa, pweza, papa mkavu wa kutilia nazi. Kusi likichafua bahari samaki wanapanda bei, hapo watu wanarudi kwenye muhogo, majimbi na shelisheli, na shelisheli la kuchoma na chai ya mkandaa, isiyo maziwa... sisemi, utaonja. Kwenye mboga na matunda utatumia pesa kidogo kuliko Mwanakwerekwe, ila vitu vya dukani, sabuni, unga wa ngano, nepi, vinakuja na nauli ya meli juu yake. Nyumba ya kupanga utapata nafuu pia, muhimu uangalie choo kiko wapi kabla ya kuangalia sebule.

Biashara yako haitofa lakini itabadilika tabia. Mzigo utapanda meli Unguja, utashuka Mkoani, na Mkoani ni ncha ya kusini na Konde ncha ya kaskazini, kwa hiyo unahitaji mtu wa kuupokea na konda mwaminifu wa kuupakia, kuna meli nyengine zinafika Wete na hapo ni karibu zaidi. Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba watu wa huku pesa yao ina msimu. Mwaka karafuu zikizaa, kuanzia kama mwezi wa saba hivi mpaka kuelekea mwisho wa mwaka, huu mji unaouita kimya hutoujua. Watu wanahamia mashambani wanapiga dago, yaani wanapiga kambi huko huko, wachumaji wanalipwa kwa pishi, usiku taa zinawaka kila ukumbi watu wamezunguka majamvi wanachambua, karafuu huku makonyo, vile vikonyo vyake, kule, na makonyo hayatupwi, yananunuliwa yakakamuliwe mafuta kiwandani Wawi. Mchana ukipita njia nzima zimeanikwa na harufu inakuingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Kila mtu ana pesa, kuanzia mwenye mikarafuu mia mpaka kitoto kilichookota chini ya miti. Hapo ndio uza madera. Harusi zote zinangoja hapo. Miezi mengine utauza kwa daftari, na usiwe mkali na usiwe mlegevu, mwambie mteja "mpaka karafuu" na yeye ataelewa, ila ujue mkarafuu nao una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kugoma, mimi mwaka mmoja nilikopesha vitenge pea ishirini na kitu miti ikanuna, nikalipwa kuku. Sicheki, kuku wa kweli. Wateja wako wa upande wa Micheweni wao ni maweni, karafuu hazikubali vizuri kule, hao ni bahari na mwani, pesa yao inaingia kidogo kidogo kwa hiyo nao wapange kivyao.

Skuli zipo, za serikali, na vyuo vya Kurani kila mtaa. Huyo wa miaka 9 mwezi wa kwanza atachekwa lafudhi yake, mwezi wa tatu atakuwa anakwita "yakhe" na wewe ndio utakuwa humfahamu. Atacheza mpaka magharibi na hutojua yuko wapi lakini kila mtu atajua.

Pumu ndio pahala nisipokudanganya. Kuna spitali Micheweni, kuna Wete, kuna Chake, na Mkoani kuna Abdalla Mzee iliyojengwa upya na kufunguliwa 2016, lakini tazama ramani, Abdalla Mzee na sisi tumekaa kama watu waliogombana, huyu huku huyu kule. Mtoto akibanwa saa nane usiku huna bodaboda tano za kuchagua. Kwa hiyo kabla hujatoka Unguja mpeleke kwa daktari wake akuandikie dawa ya kuvuta, nunua mbili, moja ikae nyumbani na moja mkobani, na wiki ya kwanza tu tafuta jirani mwenye gari au vespa, mwambie mwanangu ana pumu. Mwambie yeye mmoja, inatosha, watajua wote na siku ikifika watagombania kukupeleka. Moshi wa kuni ndio adui, jikoni pika kwa gesi. Na kama mtoto anabanwa mara kwa mara, kila wiki, basi hapo nakubaliana na shoga zako msubiri kwanza atulie.

Vyenginevyo sikubaliani nao. Mume wa mwisho wa mwezi ni mgeni, unampikia vizuri halafu anaondoka. Tena safari za meli za kila mwezi, sisi watu wa huku tunasafiri lakini hatulali mpaka msafiri apige simu kasema kafika. Septemba 2011 meli ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba, watu wanarudi makwao baada ya Idi, hapa kwetu hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wake au mtu wa mtu wake. Siku zile nilisikia kimya ambacho sijakisikia tena, hata redio watu walizima.

Njoo nao wote watatu. Vyombo vya kioo viache kwa mamako, barabara ya ndani itavimaliza. Ukifika usiulize nyumba namba ngapi mana hatuna mambo hayo, simama pale sokoni sema namtafuta yule bi wa Unguja, miaka yote hii bado mie ni wa Unguja, utaletwa na watoto watano na mmoja wao atakuwa kabeba mkoba wako.

SWALI

Bi Mkubwa mimi kijana wa miaka 22, niko Micheweni, natengeneza simu kwenye kibanda changu sokoni. Mji huu umekufa, yaani saa mbili usiku kama makaburini, kazi ni kukaa barazani kunywa kahawa na wazee na kila nikifanya kitu babangu kashakisikia kabla sijafika nyumbani. Nataka kwenda Dar, mama hataki hata kusikia, anasema nitapotea.
— Nimechoka, Micheweni

JIBU

Nenda mwanangu. Ulidhani nitakwambia ukae? Umeona nilivyomjibu huyo hapo juu ukasema huyu bibi kapenda shamba atanifunga kamba. Hapana, yule anakuja na mshahara wa mume wake na biashara yake mkononi, wewe unatafuta, na hamuwezi kuuona mji mmoja kwa jicho moja. Wapemba wangapi wana maduka Kariakoo, hao wote walitoka barazani kama wewe.

Ila usiende kama unakimbia polisi. Kwanza kibanda usikiuze, mpe mdogo wako au mshirika akae nacho, mkubaliane kwa maandishi anakuletea ngapi. Pili tafuta mtu wa kufikia, na hapo ndio utanikumbuka, mana mtu huyo utampata kwa njia ya babako, atakuwa ni jamaa aliyesoma naye au kavua naye. Hao hao wanaokuchosha kwa kukujua ndio watakaokupa pa kulala Dar, na wewe siku ya kwanza Kariakoo utazunguka duka kwa duka unauliza "mwamjua mtoto wa fulani wa Micheweni?" Tatu fundi wa simu Dar wako kwa mafungu, jifunze kitu ambacho huku hukipati, zile kazi za bodi na hadubini, usiende kubadilisha vioo tu kama unavyobadilisha hapa.

Mama mwambie miezi sita, na uwe unampigia kila Ijumaa baada ya sala bila kukosa. Usimwambie mji umekufa, yeye anaishi humo.

SWALI

Habari Bi Mkubwa. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nimepata mchumba wa Wete, ndugu zangu wananitisha eti Pemba usiku wachawi wanapiga kelele juu ya miti. Ni kweli?
— Mchumba, Tanga

JIBU

Ndugu zako wa Tanga ndio wanasema hivyo? Watu wa Tanga? Haya.

Mimi miaka yote hii niliyokaa sijarogwa na mtu, au nimerogwa ndio mana sijarudi Kikwajuni, hilo siwezi kukuhakikishia. Lakini kelele za juu ya miti ni kweli, utazisikia, na nitakwambia ni nani. Ni popo. Popo wa Pemba si wale wadogo wa darini kwenu, hawa wakikunjua mbawa zinapita mita moja na nusu, uso wao kama wa mbwa mdogo mwekundu, na duniani hawapo pengine popote ila kisiwa hiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu wamalizike, watu wakiwala na miti yao ikikatwa, mpaka sehemu kama Kidike wanakijiji wenyewe wakaanza kuwalinda, sasa wapo maelfu na wageni wanalipa kuja kuwatazama. Usiku mwembe ukiiva wanakuja kundi zima, wanagombana, wanapigana vibawa, wanapiga makelele ungesema watu wanatapeliana urithi, na asubuhi uwanja mzima umejaa makokwa na uchafu wao.

Ukishaolewa mwambie mumeo asianike kanzu chini ya mwembe.